Mtumishi Asiyeweza Kukataa

Liko swali moja ambalo mkatekumeni huulizwa njiani mara nyingi kuliko kanisani. Mtu fulani ana shamba kubwa la maharagwe. Watoto wake ni wachache, vibarua hawaonekani mlangoni pake, na hata hivyo shamba limelimwa, limepaliliwa, na mavuno yake yapita ya jirani zake wote. Ndipo watu huanza kunong'ona ya kwamba mtu huyo anao wafu wanaomlimia usiku. Husema aliwachukua kwa dawa, akawafanya waonekane wamekufa, jamaa wakazika kitu kisicho mtu; nao wenyewe wamefichwa nyuma ya nyumba, hawasemi, hawachoki, wala hawadai mshahara.

Mkatekumeni asikiapo maneno hayo hujiuliza mambo mawili. La kwanza: je, jambo hili laweza kuwa kweli? La pili ni zito zaidi, ingawa watu hawaliulizi kwa sauti: kama lingekuwa kweli, je, si jambo la kutamanika? Ni nani asiyependa kuwa na mtumishi asiyechoka, asiyeuliza, asiyekataa? Kwa maana hata wale wanaomlaani mchawi, wengine wao humwonea wivu moyoni. Tazama jinsi wanavyohesabu magunia yake.

Swali la kwanza lajibiwa upesi. La pili lataka subira, kwa sababu ndani yake mna fundisho juu ya mtu ni nini, na juu ya Mungu alitaka nini alipomwumba.

Hadithi hii si ya Masisi na Walikale peke yake. Watu wa Tanzania humwita mfu wa namna hiyo msukule. Husimulia kwamba mchawi humkata ulimi ili asiseme habari zake, kwamba humlisha pumba, na kwamba humtoa usiku kwenda shambani. Katika nchi ya Kameruni, watu wanaokaa karibu na mlima Kupe walisimulia tangu zamani kwamba tajiri aweza kumwuza ndugu yake kwa uchawi, naye ndugu huyo, baada ya kuzikwa, hufanya kazi katika mashamba yasiyoonekana mlimani. Katika kisiwa cha Haiti jina lake ni zombi, na wataalamu wengi huliunganisha jina hilo na lugha ya Kikongo, kwa maana watumwa wengi wa Haiti walitoka pande za mto Kongo. Huko Haiti sheria ya adhabu ya karne ya 19, katika kifungu cha 246, iliandika kwamba kumpa mtu dawa ya kumlaza kama maiti ni kosa la kutia sumu. Na kama mtu huyo amezikwa, kosa huhesabiwa kuwa uuaji.

Mwenye kufikiri ataona neno moja katika habari hizo zote. Haiti ilikuwa nchi ya watumwa wa mashamba ya miwa, mpaka walipojikomboa mwaka 1804. Chini ya milima ya Kameruni Wajerumani walikuwa na mashamba makubwa kabla ya mwaka 1914, na watu walipelekwa huko kwa nguvu, wengine wasirudi. Na Kongo? Wazee walisimulia habari za mpira wa wakati wa mfalme Leopold II, na za kazi za lazima zilizofuata. Mwaka 1944, wakati wa vita kuu ya pili, watu wa nchi za Masisi na Lubutu waliasi wakiongozwa na Bushiri, mtu wa Kitawala, kwa sababu walikuwa wamechoshwa na kazi za lazima. Basi, popote mtu hai alipolimishwa mchana bila hiari yake, hapo husimuliwa habari ya mfu anayelima usiku. Hadithi haikutoka mahali patupu. Inakumbuka jambo la kweli, ila imelivika nguo ya uongo.

Kwa maana ni uongo. Mafundisho ya Ekleziya juu ya jambo hili ni wazi. Mtu anapokufa, roho yake huhukumiwa na Mungu mara moja, nayo iko mikononi mwa Mungu, wala hakuna mganga, mfumu, wala mlozi awezaye kuinyang'anya. Katika Injili ya Luka, tajiri aliyekufa anaomba Lazaro maskini atumwe kwake, na tena kwa ndugu zake duniani, naye anakataliwa yote mawili; kuna shimo kubwa kati, nalo halivukwi kwa kuombwa wala kwa kulipwa. Sauli alipomwendea mwanamke wa Endori ili amwinulie Samweli, hakupata mtumishi. Alipata hukumu yake mwenyewe, akaanguka chini kwa hofu, asiweze hata kula mpaka aliposihiwa. Naye Mtakatifu Augustino, karibu mwaka 421, aliandika kitabu kizima juu ya kuwatunza wafu, kwa kuwa askofu mwenzake Paulino wa Nola alikuwa amemwuliza kama yafaa kumzika mtu karibu na kaburi la mtakatifu. Aliandika kwamba wafu husaidiwa kwa sala, sadaka na Misa takatifu. Juu ya namna ya kuwafanyisha kazi hakuandika kitu, kwa sababu hakuna cha kuandika.

Kwa hiyo yule mwenye shamba la maharagwe hana wafu. Labda ana mbolea ya ng'ombe. Labda anaamka mapema. Labda pia ana watu hai anaowaficha, na juu ya hao itasemwa hapa chini. Na yule anayeonekana akizurura njiani, uchi, bila kusema, ambaye watu humwita mfu aliyetoroka, ni mgonjwa wa akili, na jamaa zake wako mahali fulani wakimtafuta. Ni wajibu wa Mkristu kumpa nguo na chakula, na kumpeleka kwenye zahanati.

Anayeona kwamba haya ni maneno ya shule tu na akumbuke mambo yaliyotokea katika Kivu ya Kusini mwaka 2021, ambapo wanawake kadhaa waliuawa na majirani zao kwa kusingiziwa uchawi, wengine wakichomwa moto. Wengi wanaosingiziwa hivyo ni wajane na wazee, yaani wale wasio na mtu wa kuwatetea. Mnong'ono wa jioni huvunja amri ya nane. Asubuhi, watu wakishika mawe na petroli, imevunjwa amri ya tano. Mkatekumeni anayejiandaa kwa Ubatizo na ajue kwamba aliyeleta mnong'ono naye anayo sehemu yake katika damu hiyo, hata kama hakushika jiwe.

Sasa swali la pili. Na tuseme, kwa ajili ya kufikiri tu, kwamba mchawi angeweza. Je, angepata nini?

Kwanza na litazamwe shamba lenyewe. Kupalilia maharagwe si kazi ya mikono peke yake. Mwenye kupalilia hutazama jani hili, akajua ni haragwe. Hutazama lile, akajua ni gugu. Huona udongo umelowa mno, akangoja. Huona mdudu chini ya jani. Mtoto wa miaka minne akipewa jembe dogo atang'oa maharagwe pamoja na magugu, si kwa sababu hana nguvu, bali kwa sababu hajatambua bado. Kwa hiyo mfu wa mchawi lazima awe na akili ya kutosha kupambanua haragwe na gugu. Lakini akiwa na akili hiyo, mbona asipambanue pia kati ya bwana wake na mwizi? Mbona asijiulize, haya maharagwe nayalima kwa ajili ya nani? Akili moja tu hufanya kazi zote mbili. Mtu hana akili ya shamba na nyingine ya haki. Ndiyo sababu wasimulizi wa Tanzania husema ulimi wa msukule hukatwa. Wameona wenyewe kwamba, katika hadithi yao, yule anayeweza kulima vizuri angeweza pia kusema, na angekuwa na neno la kusema.

Hapo ndipo mchawi anapokwama. Akimwondolea mtumishi wake akili yote, shamba litaharibika. Akimwachia akili, mtumishi aweza kukataa. Anatafuta mizani ambayo haipo.

Ajabu ni kwamba fumbo hilo hilo limewasumbua watu wa mbali ambao hawakuwa wakifikiri habari za dini hata kidogo. Katika Marekani, mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, nao umeenea katika nchi nyingi. Wachezaji huketi kuizunguka meza, kila mmoja akijifanya mtu wa hadithi, huyu askari, huyu mwizi, huyu mchawi, na kete huamua nani anashinda. Mchawi wa mchezo huo aweza kuinua maiti imtumikie. Basi watungaji wa sheria hubishana sana: maiti ikipewa nguvu nyingi, mchezo unaharibika, na wenzake mezani wanabaki bila kazi, ikipewa nguvu kidogo, haina faida. Katika vitabu vya sheria vya mwaka 2014 waliipima hivi. Mtu wa kawaida ana nguvu 10 na akili 10. Maiti iliyoinuliwa ina nguvu 13, lakini akili yake ni 3. Inaelewa lugha iliyoijua ilipokuwa hai, lakini haiwezi kusema. Tena humtii bwana wake kwa saa 24 tu. Mchawi asipotia dawa yake upya kabla ya muda huo kwisha, maiti huacha kumtii.

Mchezo ni mchezo, wala hakuna haja ya kumhukumu kijana anayecheza kete kwa hadithi na rafiki zake. Lakini inafaa kuona kwamba watu hao, wakitafuta haki ya mchezo tu, walifika mahali pale pale walipofika wasimulizi wa kijijini: ulimi umefungwa, akili imepunguzwa, na bwana hawezi kulala. Kila siku lazima amtawale upya yule asiyempenda. Mwenye mbwa huweza kwenda safari akarudi, akamkuta mbwa wake mlangoni. Mwenye maiti hana hata hilo.

Wazee wa Walikale waliijua habari hii vizuri zaidi. Wanyanga wanayo hadithi kuu ya Mwindo, mtoto wa chifu Shemwindo wa Tubondo. Mwaka 1956 She-Karisi Rureke, msimulizi wa Kinyanga, aliisimulia kwa siku nyingi mbele ya Daniel Biebuyck, na mwaka 1969 Biebuyck pamoja na Kahombo Mateene waliichapisha kitabuni. Mwindo alizaliwa akiwa ameshika usinga wake mkononi, uitwao conga, na baba yake alitaka kumwua kwa sababu alikuwa ameamuru wake zake wazae wasichana tu. Mtoto akaokoka, akaenda kwa shangazi yake Iyangura, akarudi na wajomba zake kupigana na Tubondo. Radi ya Nkuba ikaliteketeza jiji lote. Baba akakimbilia kuzimu, na Mwindo akamfuata huko, akampata, akamrudisha.

Yasikilizwe yaliyofuata. Mwindo anao usinga wenye nguvu za kufufua. Mbele yake wamelala watu wa Tubondo, ambao walikuwa adui zake. Kama angekuwa mlozi, hii ndiyo ingekuwa siku yake: mji mzima wa watumishi wasioweza kukataa. Lakini shangazi yake alimtaka awarudishie watu uhai wao, naye akawapiga kwa usinga mmoja mmoja, wakaamka. Na msimulizi ataja kwa furaha jinsi walivyoamka. Mwanamke aliyekufa na mimba aliamka na mimba yake. Aliyekufa akisonga ugali aliamka akisonga. Aliyekuwa akitega mitego, aliyekuwa akifua chuma, kila mmoja alirudi pale pale alipokuwa. Hata waliokufa wakigombana waliamka wakigombana!

Wasikilizaji walicheka hapo, bila shaka, na ilikuwa haki yao kucheka. Lakini katika kicheko hicho mna hekima. Wanyanga walijua kwamba kumrudishia mtu uhai ni kumrudishia na mambo yake: mimba yake, sufuria yake, mtego wake, na ugomvi wake pia. Mtu asiyeweza tena kugombana hajafufuliwa. Na baada ya kuwaamsha, Mwindo hakuwapeleka shambani kwake. Kulifanyika baraza, na baba yake akaungama makosa yake mbele ya watu wote, na ufalme ukagawanywa. Hata hivyo Mwindo mwenyewe alikuwa bado na kiburi. Baadaye aliua joka ambalo lilikuwa rafiki wa Nkuba, akachukuliwa juu mbinguni kwa mwaka mmoja, akapata baridi na jua kali, akafundishwa kwamba mwenye nguvu za namna hiyo naye ana mipaka. Haya yalisimuliwa na watu ambao wengi wao walikuwa hawajasikia Injili. Mungu hakuwaacha bila mwanga.

Na sasa Injili yenyewe. Bwana Yezu aliwafufua watu watatu ambao habari zao zimeandikwa, na mkatekumeni akizisoma pamoja ataona jambo ambalo hulikosa akizisoma moja moja. Binti wa Yairo alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipoamka, Yezu aliamuru apewe chakula. Kijana wa Naini, mwana wa pekee wa mjane, aliketi, akaanza kusema. Na Yezu akampa mama yake. Lazaro wa Betania alitoka kaburini amefungwa sanda mikono na miguu. Na Yezu akaamuru afunguliwe, aende zake.

Basi, mchawi wa hadithi hulisha pumba. Yezu alitaka binti apewe chakula cha watu. Mchawi hukata ulimi. Kijana wa Naini alianza kusema kabla hajafanya neno lingine lolote, wala Mwinjili hakutuambia alisema nini, maana maneno hayo yalikuwa yake na ya mama yake. Mchawi hufunga; Yezu alifungua. Na wale watatu hakumbakiza hata mmoja awe mtumishi wake. Je, hakuwa na haki? Kama kuna mtu anayeweza kudai deni, ni yule aliyekutoa kaburini. Lakini siku chache kabla ya Pasaka, Yezu alipokula chakula cha jioni Betania, Yohane aeleza mahali pa kila mtu: Marta alikuwa akihudumu, na Lazaro alikuwa miongoni mwa walioketi mezani pamoja na Bwana. Aliyekuwa mfu ndiye aliyeandaliwa.

Hapo swali la pili linaanza kujibiwa. Mungu angeweza kuumba vitu vinavyomtii bila kuweza kukataa, naye aliviumba: jua, mvua, mto Lowa, mlima Nyiragongo hata unapowaka. Lakini alipotaka kuwa na wa kumpenda, aliumba malaika na watu, ambao huweza kumkataa, na wengi walimkataa kweli. Alijua, akaumba. Na alipotaka Mwanawe azaliwe, alimtuma malaika Gabrieli kwa msichana wa Nazareti, na malaika alisema neno lake, akangoja. Mtakatifu Bernardo, abati wa Clairvaux aliyefariki mwaka 1153, alihubiri juu ya kungoja huko. Alieleza jinsi Adamu, na Abrahamu, na dunia nzima, walivyokuwa kama watu wanaongoja jibu la Bikira. Wokovu wa dunia ulisimama mbele ya mlango wa msichana ambaye angeweza kusema hapana. Ndio uliotoka katika kinywa kisichoweza kusema hapana ungekuwa na thamani gani?

Lakini mkatekumeni mwerevu atainua mkono hapa. Atasema: mbona watawa huweka nadhiri ya utii? Na mbona Mtakatifu Ignasi wa Loyola, alipowaandikia Wayezuiti katiba yao, aliwataka wamtii mkubwa wao kama maiti inayobebwa popote? Na Mtakatifu Fransisko wa Asizi, kabla yake, alitumia mfano huo huo. Je, Ekleziya haiwataki misukule?

Swali hilo ni jema, na haifai kulifunika. Jibu lake ni hili. Kwanza, maiti hiyo imejitoa yenyewe. Novisi huulizwa mara nyingi kabla ya nadhiri, miaka huenda, na akitaka kurudi kwao mlango uko wazi. Wala nadhiri iliyowekwa kwa kulazimishwa haihesabiwi kuwa nadhiri. Pili, Ignasi mwenyewe aliweka mpaka: utii huo ni katika mambo yote yasiyo na dhambi. Neno hilo dogo lageuza yote. Kwa maana atakayejua kama jambo lina dhambi ni nani, ila yule anayeamriwa? Lazima atazame, apime, ahukumu moyoni mwake. Maiti haipimi. Kwa hiyo mfano wa maiti wasema juu ya kuacha ukaidi na kiburi, nao ni mfano mkali, labda mkali mno kwa masikio ya nchi hii ambayo imeona watu wengi wakibebwa kama mizigo. Lakini hausemi juu ya kuacha dhamiri. Padri au mwalimu anayetaka watu wamtii hata katika dhambi hana Ignasi wa kumtetea.

Na sasa wale watu hai waliotajwa juu. Mchawi wa hadithi hayupo, lakini tamaa yake ipo, na mizani yake imejaribiwa kwa damu ya watu wa kweli. Vita vilipoanza mwaka 1996, watoto wa Kivu walichukuliwa kuwa askari, wakaitwa kadogo. Kwa nini watoto? Kwa sababu mtoto ana nguvu ya kutosha kubeba bunduki, na bado hajazoea kuuliza. Baada ya hapo vikundi vingi vya silaha katika Masisi na Walikale vilifanya hivyo hivyo. Watoto wengine walipewa dawa za kulevya ili wasiogope, na wengine walilazimishwa kutenda ubaya mbele ya watu wa kwao ili wasiweze kurudi. Huko ndiko kukata ulimi. Mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilimtia hatiani Thomas Lubanga kwa kuwaandikisha watoto wa chini ya miaka 15 katika vita vya Ituri, naye alihukumiwa kifungo cha miaka 14. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya mahakama hiyo.

Mtoto wa namna hiyo akirudi kijijini, mara nyingi watu humwogopa kama wanavyomwogopa yule mfu wa hadithi. Husema hana moyo tena. Lakini yeye si mfu, na yale Yezu aliyowatendea wale watatu yanafaa kwake neno kwa neno: apewe chakula cha watu, asikilizwe anapoanza kusema, hata kama maneno yake ni mabaya kuyasikia, afunguliwe, na arudishwe kwa mama yake. Akigombana na wenzake kisimani, wakumbukwe wale watu wa Tubondo.

Wala si wenye bunduki tu. Iko nyumba ambamo yatima wa ndugu huamka kabla ya wote na kula baada ya wote, naye haendi shuleni, na watu husifu jinsi asivyosema neno. Yuko mume anayetaka mke mwenye akili ya kutunza nyumba, watoto na shamba, lakini asiye na akili ya kuuliza fedha za maharagwe zimekwenda wapi. Yuko mwenye kununua mawe ya koltani Rubaya au kasiteriti Bisie, ambaye humkopesha mchimbaji leo ili mchimbaji asiweze kuondoka kesho. Mtakatifu Yakobo aliandika katika barua yake kwamba mshahara uliozuiwa wa wavunaji hulia, na kilio chao kimefika masikioni mwa Mungu. Aliye na kibarua na amlipe jioni, amwite kwa jina lake, na amwache aende zake. Akirudi kesho, amerudi kwa hiari.

Na kama mtu bado anadhani kwamba mtumishi anayeweza kukataa ni hasara, yuko mtu wa jimbo hili la Goma wa kutazamwa. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akawa katika jumuiya ya Sant'Egidio, ambako aliwafundisha watoto wa mitaani. Kisha alipata kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa zinazoingia mpakani. Kazi yake ilikuwa kutazama chakula na kupambanua kizuri na kibovu, kama mwenye kupalilia anavyopambanua haragwe na gugu. Ililetwa shehena ya chakula kilichoharibika. Akapewa fedha ili aipitishe, akakataa. Akashurutishwa, akakataa tena, kwa sababu chakula hicho kingeliwa na watu. Chakula kikateketezwa. Mwezi wa Julai mwaka 2007 alitekwa, akateswa, akauawa, akiwa na umri wa miaka 26. Waliomwua walitaka mkaguzi mwenye mhuri lakini asiye na macho. Watu wa Goma, ambao hawakujua hata jina lake, siku zile hawakula sumu. Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika la Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta mjini Roma, Ekleziya ilimtangaza kuwa Mwenye Heri.